Koti la Mjane

Bi Ottilie aliliweka koti la marehemu mumewe juu ya meza ya fundi cherehani.

"Bwana Anselm, kifungo kimoja kimekatika. Nishonee."

Anselm alilikunjua. Wiki iliyopita, mbele ya tume ya uchunguzi wa mauaji, alitia saini kwamba alimwona marehemu kwa macho yake akiwavamia wanamgambo kwa jiwe, nao wakampiga risasi kujihami. Majirani walisema marehemu alikuwa akikimbia. Lakini tangu vita viishe, wanamgambo ndio waliokuwa wakishonesha sare kwa Anselm, na siku ya mauaji yeye alikuwa amejificha chini ya meza hii hii.

Alipapasa kifua cha koti. Kilikuwa kizima. Akaligeuza, akakuta tundu moja katikati ya mgongo.

"Hili naweza kulifuma," alisema upesi. "Nitachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani. Hakuna atakayejua palikuwa na kitu. Bure kabisa, Bi Ottilie."

"Najua wewe ni fundi. Ila mimi nimeleta kifungo tu. Kesho tume imeniita, na koti hili nitalivaa mimi."

Anselm aliulamba uzi mara tatu, na mara tatu ukapita pembeni ya sindano. Mjane alikuwa bado amesimama, anasubiri.