Macho Meupe

Telesphori alimfunua kope yule mwanamke bandia kwa kidole gumba, akammulika tochi.

"Meupe. Yabaki hivi hivi," alisema. "Kijijini kwetu jicho jekundu halina msamaha."

"Kwa nini, baba?" aliuliza fundi Hosiana, barakoa ikiwa usoni.

"Ni la mchawi, binti. Kuwatambua ndiyo kazi yangu. Kuna kikongwe alikuwa jirani yangu, macho kama makaa. Niliwaonyesha vijana, wakamaliza kazi."

Hosiana alishukuru kuwa amevaa barakoa. Kikongwe huyo alikuwa mama yake. Yeye alikuwa chuoni wakati huo. Aliporudi alikuta kaburi. Mama yake hakuroga mtu. Alipikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, na moshi ulimwivisha macho yakawa mekundu.

"Huyu atakupikia kwa mkaa?" aliuliza.

"Mkaa wa nini, na ng'ombe ninao? Mavi yao yanawaka vizuri tu."

"Basi niachie hadi mchana. Nimkaze macho."

Mteja alipotoka, Hosiana aliyang'oa macho yale, akaweka mengine aliyoyatengeneza mwenyewe. Nayo yalikuwa meupe.

Telesphori alimpa yule mwanamke jina la Suzana. Majirani walikuja kumshangaa, naye akawa anamfunua kope mbele yao. "Mnaona? Kama maziwa!"

Pamba ilipoanza kupasuka shambani, Febronia wa nyumba ya pili alikuja kuomba chumvi. Alimsalimia Suzana, na Suzana akageuka kutoka mekoni.

Bakuli likamponyoka Febronia.

"Mayu, mama wee! Mekundu!" Akakimbia akipiga kelele.

Telesphori alifunga mlango wa jiko, akafunga na dirisha, ili mwingine asione. Akaanza kumsugua Suzana macho kwa maji na sabuni. Chungu kilikuwa bado motoni, na moshi haukuwa na pa kutokea. Alisugua mpaka jua likazama. Wekundu haukutoka.

Filimbi za vijana zikalia uani.

Alifungua mlango kidogo, akamsukumia Suzana nje. "Mchawi wenu huyo! Mchomeni!"

Donatus, kiongozi wa vijana, alimsogeza Suzana pembeni kama kiti.

"Shikamoo, mzee. Hii ni mashine. Mashine itaroga kwa roho gani? Tunamtaka aliyeigeuza macho."

"Mimi? Donatus, si mimi niliyekufundisha kuwatambua?"

"Na ulinifundisha vizuri. Toka tukuone."

Telesphori alitoka kwenye moshi akikohoa, machozi yakimtiririka.

Donatus alimfunua kope kwa kidole gumba, akammulika tochi.