Ukuta Mzima

Mkaguzi wa majumba aliugonga ukuta wa ukumbi wangu kwa kidole laini kisichowahi kushika mwiko wa uashi, kama anayechagua fenesi sokoni.

"Mzima huu, Bi Shemsa," alisema. "Nyumba ulizoomba za Michenzani ni za walioangukiwa na zao."

Miezi miwili ilikuwa imepita tangu zilzala kubwa, na ardhi bado ilitutikisa kila baada ya siku mbili tatu. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Alinifundisha kubandika karatasi juu ya ufa: ikichanika, ukuta bado unatembea. Kwenye ufa wa ukuta huu hii ilikuwa karatasi ya tano, nayo ilikuwa imechanika.

Nilimwonyesha. Akaibandua, akajifuta vumbi la chokaa mikononi, akaandika "salama" kwenye daftari lake.

Nilimtandikia mkeka chini ya ule ufa, nikaleta dele la kahawa. Mtu hakatai kahawa katika nyumba ya watu. Alikaa, roho juu, macho ukutani.

Kikombe kikaanza kulia juu ya sinia. Chembe za chokaa zikamdondokea kwenye kofia.

Nilipoinua macho, mkeka ulikuwa mtupu. Kitetemeko chenyewe kilikuwa kidogo. Hata paka wangu hakuinua kichwa.

"Bi Shemsa," aliita kutoka njiani, miguu mitupu mbele ya majirani. "Nitupie viatu vyangu."

Viatu vilikuwa mlangoni. Nilivichukua, nikavipanga juu ya mkeka, chini ya ufa.

"Pita ndani uvichukue, bwana," nilimwambia. "Ukuta mzima huu."