Nusu ya Mkate

Fundi viatu alikuwa akiondoa chachu nyumbani kabla ya Pasaka, safari hii peke yake, mkono wake ulipogusa kitambaa nyuma ya cherehani ya marehemu mkewe.

Ndani mlikuwa na nusu ya mkate usiotiwa chachu, mgumu kama kigae.

Mkewe aliuficha kwenye karamu ya Pasaka iliyopita, kama ilivyokuwa desturi yao. "Haya mzee, tafuta," alimwambia akicheka. "Masihi naye alivunjwa, akafungwa sanda, akafichwa. Karamu ya agano jipya haiishi mpaka mkate huu upatikane na kuliwa."

Kabla fundi hajainuka, mkewe alianguka. Hakurudi kutoka hospitali.

Sasa fundi aliupuliza mkate vumbi. Ukingoni ilibaki alama ya kidole gumba cha mkewe, aliyeukanda.

"Nimeuona," alikiambia kiti kitupu.

Akaufikisha mdomoni, akasita. Akiumeza, karamu yao imekwisha.