Picha ya Aliyemfunga

Siku ya tatu baada ya kiongozi wao kuzikwa, wajumbe wa mji mmoja mdogo wa Ayalandi walikutana kuiondoa picha yake ukumbini. Walisema amewagawa watu vibaya, heri asahauliwe. Mwenyekiti Fintan, aliyekuwa akimpigia makofi kuliko wote, aliiteremsha mwenyewe, akaigeuza uso ukutani.

Ndipo Nuala, mshona nguo mwenye mvi, alipoinuka kule nyuma. Kiongozi huyo alimfunga miaka miwili kwa kumpinga hadharani, na kila mtu alilijua hilo.

“Irudishe,” alisema.

“Bi Nuala, wewe ndiye unayesema hivyo?” Fintan aliuliza. “Si ulimchukia?”

“Nilimchukia akiwa hai, nikamwambia usoni. Nyinyi mmengoja azikwe. Watoto wetu wakiuliza nani alitugawa, na akina nani walimshangilia, mtawaonyesha ukuta mtupu?”

Nuala akavuta kiti, akapanda, akaiinua picha kuelekea msumari. Kiti kikayumba. Fintan akaruka, akanyoosha mikono, na hata mwenyewe hakujua kama anataka kumshika mama huyo asianguke au kumnyang'anya picha.