Mguu wa Beberu wa Fauzi

Koleo lilitoka na mwiba wa hongwe, mrefu kama kidole. Wa tatu huo mwezi huu.

"Ala! Mbuzi gani huyu anayechomwa na samaki nchi kavu?" Celso, bwana mifugo wa serikali, aliutupa mwiba kwenye bati. Usaha ukafuata, mzito, unanuka.

Zubeida alikuwa amekipakata kichwa cha beberu. Siku waliyokimbia vita Mocímboa kuja Olumbi alimbeba mgongoni kwa kanga, akiwa kitoto cha juzi tu. Mwanawe Fauzi ndiye aliyemfungia ile kanga. "Tangulia, mama, nakuja," alisema. Mwaka wa tano huu, hajaja.

"Nilikwambia ufagie, mama," Celso alisema. "Hiyo chanja yako ya samaki ndiyo inayotumaliza."

"Nimefagia, doutor. Na chanja nimeihamishia kwa jirani."

Kweli, uani hapakuwa na gamba hata moja. Celso alichoka. Katoka chuoni Quelimane na cheti chenye mhuri, halafu mguu wa mbuzi mmoja unamfanya mjinga! Kila jeraha lilipofunga, kila mnyama alipoanza kukanyaga, siku mbili tatu likapasuka upya. Subira yavuta heri, wanasema; ya Celso ilivuta usaha.

"Atapona kabla ya Idi?" Zubeida aliuliza. Ndilo swali lake la kila siku, na kila siku lilimchoma Celso moyo.

"Sijui, mama. Uchafu umeingia mpaka kwenye mfupa. Huu usaha unaouona ni askari wake, wamekufa wakipigana. Hata mfupa umejaribu kuuzungushia uchafu ukuta. Gusa hapa, unaona ulivyonenepa? Lakini sasa amechoka. Juzi alikuwa na homa, leo amepoa, na si kwamba kapona. Hana tena askari wa kutuma."

"Akichomwa tena?"

"Tutamfukia."

Zubeida alimfuta beberu tongo kwa pindo la kanga. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Nurdine aliingia bila hodi. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Aliutazama mguu, akasonya.

"Bado? Doutor, wewe unatibu au unafuga ugonjwa? Idi keshokutwa! Huyu ni sadaka ya Fauzi, na mnyama anayechechemea hachinjwi, dini haikubali. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi."

"Fauzi hatujamzika, shemeji," Zubeida alisema polepole.

"Miaka mitano, Zubeida! Maiti naye ana haki yake." Nurdine alimgeukia Celso. "Akisimama sawasawa asubuhi ya Idi, namchukua. Asiposimama, basi tena, mpaka mwakani."

Akaondoka. Celso alidunga sindano ya mwisho aliyobaki nayo, akakusanya vyombo vyake. Alimwonea huruma mama wa watu: mtoto hana, na hata sadaka ya mtoto inamshinda. Akaaga.

Alifika barabarani ndipo akakumbuka koleo. Akarudi, akapitia upande wa jikoni.

Zubeida alikuwa amekaa chini, mguu mgonjwa mapajani mwake. Beberu hakujitikisa, alikuwa akimlamba shavu. Kwenye bati mwiba haukuwapo tena.

"Vumilia, mwanangu," Zubeida alinong'ona, akilitafuta kwa kidole tundu lile lile. "Idi ikipita, nitakuacha upone."