Makaa ya Profesa

Dakta Kheri aliila pilau ya sherehe ya Salha kwa kijicho. Yeye ndiye aliyemfundisha binti huyu sera za nishati, tangu hajui hili wala lile. Leo Salha ni profesa, kwa kitabu kilichoupiga vita mkaa, na chuo kizima kimejaa sebuleni kwake. Kheri mvi zimemwenea, angali dakta.

Alipotoka kwenda kunawa uani, akaona seredani nyuma ya mlango wa jikoni. Makaa yalikuwa yamekolea, mekundu.

"Kumbe!" akanong'ona, roho yake ikaburudika.

Akayapiga picha, akaandika chini yake, "Jikoni kwa Profesa wetu mkataza mkaa," akaituma kwenye kundi la walimu wa chuo. Mtandao ukajivuta. Akaiacha simu ihangaike mfukoni, akarudi kuketi akitabasamu peke yake.

Punde Salha akaingia na chetezo mkononi. Makaa yale yale yalikuwa ndani, yakiunguza udi wa kuwafukizia wageni.

"Naanza na mwalimu wangu," alisema, na watu wakageuka kumtazama. "Bila yeye nisingekuwa hapa. Simama, Mwalimu, nikufukize."

Kheri akasimama, akatanua mikono. Salha akainama, akapitisha chetezo chini ya pindo la koti lake. Moshi ukampanda taratibu hadi kifuani.

Simu ya mkuu wa chuo ikalia mlio wa ujumbe. Ikafuata nyingine, karibu na dirisha, kisha nyingine.

Kheri hakuthubutu kushusha mikono.