Tajiri wa Nasambu

"Taja jina," Triza alisema, mguu wake mmoja umekanyaga ukingo wa karai la Njoki. "Leo hufui hata soksi kabla hujaniambia nani alikuambia."

"Toa kiatu chako kwenye sabuni yangu kwanza, Mama Caleb," Njoki akajibu. "Na tangu lini wewe unaogopa udaku? Si wewe uliyetutangazia mimba ya binti wa mchungaji kabla binti mwenyewe hajajua?"

Ilikuwa kweli. Ploti hiyo ya Huruma, orofa tano na mabomba mawili, ilimzoea Triza kama redio ya asubuhi. Kumwona akipiga vita umbea kulikuwa kama kumwona fisi akihubiri watu waache mifupa. Hata yeye alijiona kichekesho. Lakini mguu hakuutoa.

Umbea wenyewe ulikuwa mtamu, hilo hakulikataa. Eti Nasambu wa orofa ya nne amepata tajiri wa Eastleigh, mwenye duka la jumla la vipodozi. Ndiyo maana mashavu yake ni mekundu: mkorogo. Ndiyo maana uso umefura kama andazi: pilau. Ndiyo maana kila Alhamisi anatoka asubuhi na wigi jipya, mwavuli juu, jua likiwa bado halijamkausha hata paka. Kila kitu kilikuwa na jibu. Na tangu habari itoke, nyumba ya Nasambu haikukauka wageni. Watu walipanda orofa nne kuomba chumvi, wakakaa saa mbili wakimkagua ngozi. Triza mwenyewe asingeweza kutunga vizuri zaidi, na jambo hilo nalo lilimuuma kidogo.

Ila yeye aliujua ukweli, na alikuwa ameapa kutousema. Kila Alhamisi alikaa na Nasambu kwenye benchi la kliniki. Ugonjwa uliitwa lupus. Daktari alieleza kwamba kinga ya mwili imegeuka, inaushambulia mwili wenyewe, na Nasambu akacheka mpaka nesi akageuka.

"Yaani nimeajiri askari wa usiku, halafu mwizi wanamwacha, wanampiga mwenye nyumba?"

Wekundu ule wa mashavu ulikuwa ugonjwa. Kufura kulikuwa dawa. Nywele zilidondoka zenyewe, na jua lilimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Mwezi uliopita daktari aliongeza kwamba figo nazo zimeguswa, na kwamba akianza kukosa kliniki zitakwenda. Siku hiyo hakucheka.

Walipokuwa wakirudi, alisema, "Unamkumbuka Mureithi alipougua? Ploti nzima ilikwenda kumwombea. Wiki ya tatu wakawa wanamsalimia kutoka kwenye ngazi, kwa sauti ya matanga. Mimi siwezi kukaa nyumba isiyo na watu, Mama Caleb. Ikifika hapo, nafunga mizigo nirudi kwetu kijijini nikafie huko."

Kwa hiyo hesabu ya Triza ilikuwa fupi. Umbea ukimfikia Nasambu, aibu itamfungia ndani. Akijifungia, atafunga mizigo. Akifunga mizigo, kliniki imekwisha, na figo nazo.

"Ni Sally wa saluni," Njoki alisema hatimaye. "Na maji haya utanichotea mengine."

Triza akaenda saluni. Njoki akamfuata na povu mikononi, maana kufua kunaweza kungoja.

Sally alikuwa akisuka, kichana kimebanwa kwenye meno. Alikitoa. "Mimi? Mimi ndiye nilimtetea Nasambu. Watu walisema tajiri ni mzee, nikasema hapana, ana miaka hamsini tu."

"Umejuaje?"

"Phares aliniambia."

Sally naye akaacha kichwa cha mteja nusu na kuwafuata.

Phares, msimamizi wa ploti, alikuwa amechuchumaa akifunga kipande cha mpira kwenye bomba linalovuja. Aliwatazama wanawake watatu waliomzunguka, akajifuta mikono kwenye suruali polepole.

"Mama Caleb, mambo mengine ukiyafukua yanakuchafua."

"Mimi nimeshachafuka siku nyingi. Taja."

Hakutaja. Alianza kupanda ngazi. Wakamfuata: orofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, Triza akipumua kwa kelele na kujilaumu kwa kila chapati aliyowahi kula. Walipofika ya nne ndipo alipoona Phares anaelekea mlango gani. Akamdaka shati.

"Si hapo, Phares. Nakuomba. Nitukane mimi hapa hapa kwenye ngazi, nitanyamaza, lakini yeye mwache."

"Umetaka jina au hukutaka?"

"Sitaki tena. Nimesamehe. Twendeni chini."

"Mimi sijasamehe," alisema Njoki. "Nguo zangu ziko majini."

Phares akabisha hodi.

Mlango ukafunguka. Nasambu alisimama na mwiko mkononi, wigi limelala upande mmoja, mashavu yanawaka. Nyuma yake kochi lilikuwa limejaa wanawake wa orofa ya tano, kila mmoja na kikombe kitupu cha kuombea chumvi. Triza aliinamisha uso.

"Mama, samahani," alisema Phares. "Hawa wamenibana. Wanataka kujua habari ya tajiri wako niliipata kwa nani."

Nasambu alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Na ile ya jino lake la dhahabu niliyokupa jana, Phares, bado umeikalia tu?" Akausukuma mlango ukafunguka wote. "Ingieni mle, ugali unapoa."